Sahihi ya Jioni

Jumanne ile fundi cherehani alishona mpaka saa moja na robo ndipo alipoinua kichwa na kuona kwamba mkoba wa mwanawe haujarudi kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili, kitinda mimba, na kwa kawaida saa kumi na mbili na nusu ilimkuta ameshafika, nywele zinanuka dawa ya bwawa, anafunua sufuria moja baada ya nyingine. Mama alidhani amepitia kwa dada yake aliyeolewa mtaa wa pili. Akamalizia pindo la sketi ya mteja. Alikuwa anakata uzi kwa meno jirani alipoingia bila kupiga hodi, akasimama katikati ya chumba, mikono kichwani. Mama akaweka sketi chini.

Fundi wa pampu ndiye aliyemwona mtoto, saa kumi na mbili na dakika arobaini, chini kabisa ya bwawa la klabu ya kuogelea, upande wa kina kirefu. Daktari aliandika kwamba amekufa maji. Hana jeraha, hana alama ya kushikwa.

Klabu ilikuwa na makocha watatu. Kocha mkuu, mzee wa miaka sitini na ushei ambaye watoto walimwita Babu Filimbi, alieleza kwamba mazoezi yalikwisha saa kumi na moja na nusu, watoto wakatoka, na saa kumi na mbili kamili yeye mwenyewe akakagua bwawa na kulikuta halina mtu. Kocha kijana, aliyeitwa Kocha Sekunde kwa sababu saa ya kupimia mbio haikumtoka shingoni, alieleza hayo hayo, karibu neno kwa neno. Wa tatu, mwanamke mnene mcheshi aliyefundisha wanaoanza na ambaye watoto walimwita Mama Boya, alisema tu kwamba aliondoka saa kumi na moja pamoja na wadogo. Basi ikaonekana kwamba Kiluwiluwi, kama walivyomwita wenzake klabuni, alijificha mahali, kisha akarudi majini peke yake. Ajali. Faili lilibaki kufungwa tu.

Alhamisi asubuhi fundi cherehani alikuja kituoni. Inspekta, mwanamke mrefu mwenye mazoea ya kuchonga penseli huku akisikiliza, alimpa kiti na maji. Mama hakuyagusa. Alisema mazishi ni kesho, ndugu wameshafika, wote wanamwambia ni mapenzi ya Mungu, na yeye habishani na Mungu.

"Ila mwanangu haendi hata chooni usiku bila kuamsha mtu," alisema. "Aingie kwenye maji yale peke yake, jua linazama? Kuna mtu alikuwa naye. Nataka kujua ni nani kabla sijamzika."

"Na usipojua, mama?"

"Nitamzika vilevile, Afande. Lakini mtu huyo atakuwa amesimama nasi makaburini, ananipa mkono wa pole, nami nashukuru."

Inspekta aliweka penseli chini. Alipobaki peke yake alikwenda stoo akatoa mfuko wenye vitu alivyokutwa navyo mtoto. Vazi la kuogelea, kofia ya mpira, na kidude kidogo cha waya kilichofunikwa mpira, kama kibanio cha nguo kilichopungua ukubwa, ambacho kilikuwa kimebana pua ya maiti. Mama alikuwa ametaja vitu vyote alivyomnunulia mwanawe, mpaka rangi ya taulo. Hicho hakukitaja.

Ofisi ya klabu ilikuwa chumba chini ya ngazi za watazamaji. Ukuta ulikuwa umevimba kwa unyevu, na Katibu alikuwa ametandika gazeti juu ya makabati mawili ili kutu isishuke kwenye mafaili. Alikuwa karani mstaafu. Alivaa tai hata siku ambayo bwawa limefungwa. Aliposikia Inspekta anataka kujua makocha walitoka wapi kabla ya kuja hapa, alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za wajukuu.

"Hapa hakuna aliyeingia kwa mlango wa nyuma, dada," alisema, akipanga mafaili matatu mezani mpaka kingo zikalingana.

Inspekta alianza na jembamba. Mama Boya alikuwa na cheti cha huduma ya kwanza na barua moja kutoka zahanati aliyowahi kufanya usafi. Kuogelea alijifunza akiwa na miaka thelathini na miwili. Katibu aliona aibu kidogo, akasema huyo walimchukua kwa sababu watoto wadogo wanampenda, si kwa karatasi.

La Babu Filimbi lilikuwa nene, na katikati yake palikuwa na shimo. Shule moja ilikuwa imemfukuza kazi ya kufundisha kuogelea. Barua ya kumfukuza ilikuwemo, sababu haikuwemo. Baada ya barua hiyo palikuwa na miaka miwili mitupu. Hakuna kazi, hakuna anwani, hakuna lolote. Inspekta aliuliza kuhusu miaka hiyo. Katibu akarekebisha tai, akasema mzee aliomba asiulizwe, nao kwa heshima ya umri hawakumuuliza.

La Kocha Sekunde lilimeremeta. Barua tatu kutoka mabwawa matatu, zote zimepigwa chapa, zote na mihuri, na ile ya mwisho ilisema kwamba katika miaka mitatu, mpaka mwisho wa mwaka wa tatu, hakuna mtoto aliyepata hata mchubuko mikononi mwake. Katibu alisema mameneja wote aliwapigia simu yeye mwenyewe, hakumtuma mtu.

Mtu yeyote angejua aanze na nani. Inspekta alifunga lile faili lenye shimo, akalitia kwapani.

Kabla ya kumwita mzee alipita chumba cha pampu. Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hajanyoa tangu Jumanne. Mlangoni kulining'inia daftari lenye jalada gumu, limefungwa kwa kamba. Alieleza kwamba kila bwawa lina daftari kama hilo, daftari la maji. Asubuhi na jioni mtu wa zamu anachota maji kwenye kichupa, anatia matone ya dawa, analinganisha rangi, kisha anaandika kiwango cha klorini, saa, na idadi ya watu waliomo majini, na kutia sahihi. Inspekta alifungua Jumanne. Asubuhi: klorini moja na nusu, watu hakuna, sahihi ya Babu Filimbi. Jioni, saa kumi na mbili kamili: klorini moja na nusu, watu hakuna, sahihi ile ile.

Fundi alichungulia juu ya bega lake, akaguna.

"Moja na nusu imetoka wapi? Mashine ya kutia dawa ilikwama saa sita, Afande, na jua la siku ile, na watoto arobaini majini. Kipuri nilikifuata mwenyewe, nikarudi saa kumi na mbili na nusu. Jioni ile maji hayakuwa na klorini hata ya kudanganyia. Angepima, kichupa kingebaki cheupe."

"Kwa hiyo hakupima."

"Hakupima. Na kama hakupima hakufika pale. Maji ya kichupa tunayachota upande wa kina kirefu." Alifungua kamba ya daftari, akampa Inspekta. "Angefika angemwona."

Babu Filimbi alikuwa kwenye ngazi za watazamaji, anatazama bwawa lililofunikwa turubai. Filimbi ilikuwa mfukoni. Uzi wake tu ulichungulia. Inspekta alimwamkia shikamoo, akaketi ngazi moja chini yake. Alianzia mbali. Shule ile ilimfukuza kwa nini?

Mzee alijibu bila kukwepa. Mzazi mmoja alimsukuma mwanawe majini mbele ya wenzake ili aache uoga, naye akamzaba mzazi huyo kofi. Mzazi alikuwa mwenyekiti wa shule. Na ile miaka miwili? Alikuwa anauguza. Mke wake alilala hospitali moja miezi ishirini na mitatu, wodi ya pili kutoka langoni, na baada ya hapo yeye hakuwa na haraka ya kwenda popote. Inspekta alisogea kando, akapiga simu hospitali hiyo. Karani wa kumbukumbu alichukua dakika nane. Wodi ilikuwa ile, na miezi ilikuwa ile. Kwenye safu ya ndugu wa karibu palikuwa na jina la mzee.

Shimo la faili likafukiwa hivyo. Inspekta alirudi, akaweka daftari la maji juu ya magoti ya mzee, limefunguliwa Jumanne.

Babu Filimbi alipitisha kidole kwenye sahihi yake. Kisha akaanza kueleza, sauti iko chini, kama mtu anayehesabu. Anazo sindano za sukari, ya jioni haitaki kuchelewa, kwa hiyo saa kumi na moja huondoka. Ili asimsumbue mtu, asubuhi akishapima hujaza mistari yote miwili, wa asubuhi na wa jioni. Amefanya hivyo miaka kumi na mmoja. Maji hayajawahi kumwaibisha.

"Nani anabaki na ufunguo?"

"Kijana. Kocha Sekunde."

"Na hayo maelezo ya kwamba ulikagua saa kumi na mbili?"

"Yeye ndiye aliyenishauri. Alinipigia simu, akasema, Babu, mtoto wa fundi cherehani ameonekana majini, wakijua ulisaini asubuhi umekwisha, jela utaingia wewe. Sema ulikagua, nami nitasema nilikuona." Mzee alipangusa mdomo. "Niliogopa, mwanangu. Sikatai. Niliogopa."

Inspekta alimwomba simu yake. Mzee hakujua inavyofunguliwa orodha ya waliopiga, akampa tu. Inspekta aliteremsha kidole mpaka Jumanne, kisha akamgeuzia kioo.

"Soma hapa."

"Saa kumi na mbili na dakika kumi na nne."

"Fundi wa pampu alimwona mtoto saa kumi na mbili na dakika arobaini, Babu. Kabla yake hakuna aliyemwona."

Midomo ya mzee ilicheza, anatoa, anajumlisha. Alipofika kwenye jibu alishika ukuta wa ngazi kwa mikono miwili. Dakika ishirini na sita. 

Inspekta alimkuta Mama Boya chumba cha kubadilishia nguo, anakusanya vitu walivyosahau wadogo: soksi moja, kitana, taulo lenye picha ya tembo. Kwa mazoea alianza na utani, akauliza kama polisi wameanza kufundishwa kuelea au bado wanazama na bunduki zao. Utani ulimfia mdomoni alipoona kidude kwenye mfuko wa plastiki.

"Hiki si cha kuogelea, Afande," alisema. "Hiki ni cha kuzama."

Akaketi kwenye benchi, taulo mapajani, akasimulia. Miezi mitatu iliyopita Kocha Sekunde alichagua watoto wanne wenye pumzi nzuri. Kila Jumanne, wengine wakishatoka, aliwabana pua akawapitisha chini ya maji urefu wote wa bwawa bila kupumua. Wakishaweza, urefu wa kwenda na kurudi. Kichwa hakiruhusiwi kutoka mpaka mkono uguse ukuta. Mtoto akifanya hivyo mara nyingi mfululizo, alieleza, mwili hausemi tena kwamba umeishiwa hewa. Hatapatapi wala hapigi maji. Anazimika tu kama taa, na aliye juu anadhani bado anaogelea. Watatu waliacha, mmoja baada ya kutapika, na wao ndio waliomsimulia. Akabaki Kiluwiluwi, kwa sababu aliahidiwa kwamba siku ya mashindano mama yake atashangaa, na kwamba mpaka siku hiyo asimwambie.

"Ulimwambia nani haya?"

"Katibu. Mara mbili. Akaniuliza mimi na barua yangu moja ya zahanati namfundisha nini mtu mwenye barua tatu." Alikunja taulo mara nne, likawa dogo kama mkate. "Na askari aliyeandika maelezo yangu Jumanne alitaka kujua saa niliyoondoka tu. Nikamjibu alichouliza."

Inspekta alirudi chumba cha pampu akiwa na ile barua ya mwisho, ya bwawa la miaka mitatu. Alimuuliza fundi kama anamjua mtu kule. Fundi alisema mafundi wa mabwawa ni ukoo mmoja, wanaazimana mpaka bisibisi. Fundi wa kule ndiye aliyemfundisha kazi mdogo wake yeye. Akapiga, wakasalimiana, wakaulizana hali ya magoti, kisha akampa Inspekta simu.

Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mtu mzima asiyependa maneno. Inspekta alimwomba daftari lao la maji la mwaka ule wa tatu. Zilisikika hatua, droo ikakwama, ikafunguka. Akamwomba atafute sahihi ya kocha huyo. Mtu yule alisoma Januari, Februari, akifunua kurasa kwa kidole kilicholowanishwa, zikisikika.

"Tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, asubuhi, ipo. Jioni ipo. Kuanzia hapo haipo tena."

"Barua inasema alikuwepo mpaka mwisho wa mwaka."

"Barua simjui aliyeiandika. Mimi nasoma daftari. Tarehe kumi na tano: bwawa limefungwa, maji yametolewa. Kumi na sita, maji yametolewa. Siku tisa hivyo."

"Kwa nini mtoe maji siku tisa?"

Ilisikika droo ikirudishwa.

"Kulikuwa na mtoto," alisema yule mtu. "Miaka kumi na mmoja. Walisema alirudi majini peke yake."

Inspekta aliuliza kuhusu kesi. Hakukuwa na kesi. Kulikuwa na mazishi. Aliuliza kuhusu meneja aliyetia sahihi barua, akasoma jina na namba ya simu iliyoandikwa chini yake. Mtu yule akasema jina hilo halijawahi kufanya kazi pale hata siku moja, wala namba hiyo si yao.

Katibu alikuwa anapanga upya makabati. Inspekta aliomba fomu ambayo kila kocha hujaza siku ya kuajiriwa, yenye ndugu wa kupigiwa simu likitokea la kutokea. Fomu zilikuwa kabati la kushoto. Barua, kabati la kulia. Alizilaza pamoja mezani, fomu ya Kocha Sekunde na barua yake, akaweka kidole kimoja kwenye namba ya kaka yake na kingine kwenye namba ya meneja. Namba ilikuwa moja.

Katibu alivua miwani, akaivaa. Alisema hajawahi kuziweka meza moja. Fomu ni za kushoto, barua ni za kulia, ndivyo alivyofundishwa kazi tangu ujana wake. Alisema yule meneja kwenye simu aliongea vizuri sana, Kiswahili kilichonyooka, hata akamuulizia familia.

"Yuko wapi sasa?" Inspekta aliuliza.

"Kocha? Aliaga jana." Rangi ilikuwa inamtoka Katibu usoni huku bado anaongea. "Alikuja macho mekundu. Alisema hawezi kulitazama tena bwawa hili, bora akaanze mahali pengine. Nikamwonea huruma. Akaniomba barua."

Nakala ilikuwa kabati la kulia. Inspekta aliisoma akiwa amesimama. Mwangalifu wa hali ya juu. Usalama wa watoto mbele ya yote. Ilikuwa imepigwa chapa bila kosa hata moja, muhuri ulikuwa wa kweli, na namba ya simu chini yake ilikuwa ya simu iliyo mezani pale.

"Kuna mtu amepiga kuulizia?"

Katibu alitazama simu. Ilikuwa ya zamani, ya mezani, haina kioo wala kumbukumbu ya namba.

"Leo saa tatu asubuhi. Mwanamke. Alisema ana watoto thelathini na hana kocha."

"Wa bwawa gani?"

"Sikumuuliza."

"Ukamwambia nini?"

 Katibu alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, kama watu wanavyokaa nje ya chumba cha daktari.

Inspekta aliita kituoni, akataka picha ya kijana isambazwe na askari wawili waende chumba alichopanga. Baada ya dakika chache alijibiwa kwamba askari wa doria waliokuwa mtaa ule wamefika chumbani. Mwenye nyumba amewaambia mpangaji aliondoka jana jioni na begi moja. Kisha akamwambia Katibu atoe orodha ya vilabu vyote vya kuogelea vya watoto, akavuta kiti, akainua mkono wa simu. Vilabu vilikuwa kumi na tisa. Vyote huingiza watoto majini saa kumi jioni. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi.